Makucha ya ndoo ya trekta kutoka karakana ya Tabora: tathmini ya kazi, usanifu na gharama

Makucha ya kushikia magogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndoo ya trekta langu, katika karakana moja ya kuchomelea hapa Tabora mjini, ni kazi ninayoiridhia, na mtu akiniuliza kama anaweza kupeleka kazi ya namna hiyo mahali pale nitamwambia aende, ila aende na mchoro wake mkononi. Mafundi wale wanachomelea vizuri kuliko wengi ambao nimewahi kuwapa kazi. Usanifu wa kifaa, yaani kuamua bawaba ikae wapi, silinda iwe na kipenyo gani na nguvu ya kubana ipitie kwenye chuma kipi, si huduma wanayoiuza, ijapokuwa hakuna atakayekueleza hivyo unapoingia getini. Tathmini hii inahusu vitu viwili kwa pamoja, karakana na kifaa, kwa sababu sifa na kasoro za kimoja zimo ndani ya kingine.

Shamba langu lipo wilaya ya Uyui, kwenye ardhi ya miombo, ambako hata baada ya miti kukatwa kwa kibali visiki vya mitundu, miti mikubwa ya miombo, huendelea kuchipua mwaka hadi mwaka. Ninalima tumbaku na mahindi, kwa hiyo kuna magogo ya kusogeza, visiki vya kung'oa na kuondoa, matawi ya kukusanya, kuni za kupeleka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na mabua ya tumbaku ya kutoa shambani baada ya mavuno. Trekta lina nguvu ya farasi 80 hivi na limefungwa loda ya mbele yenye ndoo ya upana wa mita 1.8. Ndoo peke yake hubeba mchanga na samadi bila tabu, lakini gogo la mviringo likiwekwa juu yake huanza kubingirika mara tu trekta linapopita kwenye tuta, na ndiyo maana kila gogo lilihitaji vijana wawili na mnyororo. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ambao Urambo ilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea, uliingia katika nchi ya aina hii na matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya Sherman, na bado ukafungwa mwaka 1951 kwa hasara kubwa. Sababu za hasara ile zilikuwa nyingi, mvua na usimamizi zikiwemo, lakini mizizi na visiki vilivyovunja mashine ni sehemu ya habari ambayo mkulima wa huku haihitaji kusimuliwa.

Nilipoeleza ninachotaka, fundi mkuu hakusita hata kidogo. Alitoka nyuma ya karakana akiwa na kipande cha springi ya lori begani, akakitupa chini kikalia kama kengele, akasema, "Mzee, meno tunatoa hapa. Hii haivunjiki hata ukiipiga nyundo siku nzima." Pendekezo lake lilikuwa hivi: ukucha mmoja mpana katikati ya ndoo, wenye meno matatu ya springi, unaosukumwa na silinda moja ya kipenyo cha milimita 80 iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa, na bawaba zilizochomelewa moja kwa moja kwenye ukingo wa juu wa ndoo. Kwa macho ya haraka ni pendekezo la kuvutia, kwa kuwa linatumia vitu vilivyopo na lina sura ya nguvu. Ukilipima kipengele kwa kipengele, karibu kila kipengele kina shida yake, na nadhani inafaa kueleza kwa nini, maana mtu mwingine atakayekwenda pale atapewa pendekezo lilelile.

Nianze na silinda. Shinikizo la mafuta kwenye loda yangu, kwa kipimo cha geji, ni baa 160. Silinda ya milimita 50, ambayo ndiyo niliyoichagua, moja kwa kila ukucha kati ya makucha mawili, ina eneo la pistoni la milimita za mraba 1,963, na kwa shinikizo hilo husukuma kwa nguvu inayokaribia tani 3.2. Ikiwa mstari wa silinda unapita sentimita 15 kutoka kwenye pini ya bawaba na ncha ya ukucha ipo sentimita 80 kutoka kwenye pini hiyohiyo, nguvu inayofika kwenye ncha ni tani hizo mara 15 gawanya kwa 80, yaani kilo 600 hivi kwa kila ukucha. Hizo zinatosha na kubaki. Gogo bichi la mtundu lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 3 lina ujazo unaokaribia mita za ujazo 0.38, na hata tukikadiria kuwa mti mbichi una uzito sawa na maji, halifiki kilo 400, na uzito huo tayari umebebwa na ndoo. Kazi ya ukucha ni kulizuia lisibingirike. Silinda ya milimita 80 ingesukuma kwa zaidi ya tani 8. Nguvu hiyo haina mahali pa kwenda isipokuwa kwenye bawaba na bati la ndoo. Zaidi ya hayo, silinda mbili za milimita 50 zenye mwendo wa milimita 200 humeza mafuta lita 0.8 hivi kufunga kikamilifu, wakati mbili za milimita 80 zingemeza lita 2, na kwa pampu inayotoa lita 20 kwa dakika hiyo ni tofauti kati ya sekunde mbili na nusu na sekunde sita kila unapofunga. Kwa mtu anayepakia kuni kutwa nzima, sekunde hizo ni mafuta ya dizeli.

Kuna jambo jingine kuhusu silinda ambalo mafundi wengi hulipita. Umbali ule wa sentimita 15 si wa kudumu. Ukucha unapofunguka, mstari wa silinda husogea karibu na pini, na kwangu, ukucha ukiwa wazi kabisa, umbali hubaki sentimita 8 tu, kwa hiyo nguvu kwenye ncha hushuka hadi kilo 320 hivi. Maana yake ni kwamba kisiki kikubwa, kinachoshikwa ukucha ukiwa bado umefunguka sana, hubanwa kwa nguvu ndogo kuliko tawi jembamba. Hali hiyo haiwezi kuondolewa yote, ila inaweza kupunguzwa kwa kuchagua mahali pa kufunga silinda, na mahali hapo hupatikana kwa kukata kadibodi yenye umbo la ukucha, kuibana kwa msumari mahali pa pini na kuizungusha mbele ya ubavu wa ndoo huku ukipima kwa rula. Karakana ilitupatia kadibodi na nafasi ya kufanya hivyo bila kununa, na fundi mdogo, kijana mtaratibu aliyepitia chuo cha ufundi cha VETA, alielewa mara moja na akaanza kupendekeza mwenyewe. Kijana huyo ndiye sababu ya kwanza ya mimi kuisifu karakana ile.

Sasa nifike kwenye bawaba, maana hapa ndipo fedha ya mteja inapaswa kwenda, na ndipo pendekezo la kwanza lilikuwa baya zaidi. Ndoo nyingi za loda za matrekta ya shambani zina bati la mgongo lenye unene wa milimita 5 au pungufu. Bati hilo limetengenezwa ili kuzuia udongo usimwagikie nyuma, na udongo husukuma polepole na kwa eneo pana. Bawaba ya ukucha hulivuta bati lilelile mahali padogo pasipozidi kiganja, kwa nguvu inayokaribia nguvu yote ya silinda, na hulivuta na kuliachia kila mzigo unapobanwa na kufunguliwa. Bati hupinda kwanza, kisha nyufa huanzia kando ya ulehemu, na mwenye trekta hulaumu ulehemu kumbe ulehemu ulikuwa mzima na bati lake ndilo lililochoka. Nimeona ndoo ya namna hiyo kwa jirani, bawaba ikiwa imeng'oka na kipande cha bati, ulehemu wake ukiwa bado unang'aa.

Tulichokubaliana mwishoni ni kuweka bomba la mraba la milimita 80 kwa 80, lenye ukuta wa milimita 6, kutoka ubavu mmoja wa ndoo hadi wa pili kwenye ukingo wa juu, kisha kuteremsha mbavu za bamba la milimita 12 nyuma ya ndoo kutoka kwenye bomba hilo hadi kwenye masikio yanayopokea pini za mikono ya loda. Bawaba za makucha zikawekwa mkabala na mbavu hizo. Kwa mpangilio huo nguvu ya kubana hutoka kwenye ukucha, hupita kwenye bawaba, hushuka kwenye ubavu na kuingia kwenye masikio, na bati la mgongo halihusiki tena na ugomvi huo. Fundi mkuu aliona ni upotevu wa chuma. "Mzee wangu, unanunua bomba la kuweka mgongoni wakati kazi inafanyika mbele?" Nilimjibu, "Fundi, mbele hakutavunjika kitu. Nisaidie mgongo." Alicheka, akakubali, na nakiri kwamba alipokubali aliifanya kazi ile kwa umakini kama vile wazo lilikuwa lake.

Uamuzi wa kuwa na makucha mawili badala ya moja unatokana na umbo la mzigo. Visiki havina upande ulio sawa. Upande mmoja una shina na mwingine una mzizi uliochomoza. Ukucha mmoja mpana hugusa sehemu iliyoinuka na kuacha nyingine ikielea, kisha nguvu yote huja kwenye kona moja na kuusokota. Makucha mawili yenye silinda mbili zinazolishwa na njia moja ya mafuta hujirekebisha yenyewe: mafuta hukimbilia upande usio na upinzani hadi ukucha huo uguse mzigo, ndipo shinikizo lipande pande zote mbili. Hakuna vali ya ziada inayohitajika kwa hilo. Hasara yake ni nafasi ya sentimita 90 iliyobaki katikati, ambayo nitairudia.

Kuhusu springi za lori, nilikataa, na hapa karakana inastahili kusemwa waziwazi. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.6, na ndiyo inayokifanya kiwe kigumu na chenye kurudi kikipindwa. Kaboni hiyohiyo hufanya sehemu iliyo kando ya ulehemu igeuke kuwa ngumu na dhaifu kama kioo inapopoa haraka, hasa kipande kikichomelewa kikiwa baridi. Kinaweza kuchomelewa, lakini kinatakiwa kupashwa moto kwanza hadi nyuzi joto mia mbili na zaidi na kupozwa polepole sana, kazi ambayo hakuna aliyekuwa na nia ya kuifanya. Karakana inauza meno ya springi kama ubora wa juu na hutoza zaidi kwa ajili yake. Mimi nilichagua bamba la kawaida la milimita 12 kwa mwili wa makucha na milimita 16 kwa ncha. Chuma laini kikizidiwa hupinda, na kilichopinda hunyooshwa. Springi ikizidiwa hukatika kwenye ulehemu bila kutoa taarifa, mzigo ukiwa juu.

Ulehemu wenyewe ni mzuri sana. Walitumia fimbo za kuchomelea za E7018 kwenye bawaba, mbavu na bomba, na zile za kawaida za E6013 kwenye vikinga na vipande visivyobeba mzigo. Fimbo za E7018 zinapaswa kuwa kavu, kwa sababu unyevu uliofyonzwa na unga wake hupeleka haidrojeni kwenye ulehemu na kuleta nyufa zinazojitokeza baadaye. Karakana inazihifadhi kwenye sanduku la bati lenye balbu inayowaka ndani, mbinu ya hali ya chini lakini ya maana katika miezi ya mvua. Bamba nene lilichongwa kingo kwa grinda kabla ya kuunganishwa ili ulehemu uingie hadi ndani, na mapito yalikuwa matatu, kila moja likisafishwa kabla ya lililofuata. Ndoo ilifunguliwa kutoka kwenye trekta kabla ya kuchomelewa, jambo ambalo sikulazimika kuliomba. Wapo mafundi wanaochomelea ndoo ikiwa bado kwenye trekta na waya wa ardhi ukiwa umebanwa popote palipo karibu, umeme ukapita kwenye pini, beringi na hata alteneta.

Pini ndizo zilizotia doa kazi hii. Kwa hesabu, pini ya milimita 30 inayoshikwa pande mbili haiwezi kukatwa na silinda hizi. Mkazo unaoipata ni mdogo mno kulinganisha na uwezo wa chuma cha kawaida. Kinachoimaliza pini ni kusagika, na kinachoharakisha kusagika ni matundu yasiyokaa kwenye mstari mmoja. Masikio ya bawaba yalitobolewa kwanza, yakachomelewa baadaye, na joto likayavuta kila moja upande wake, hata ikabidi pini ya kulia iingizwe kwa nyundo. Utaratibu sahihi ni kupitisha mhimili mmoja mrefu kwenye matundu yote wakati wa kuchomelea, au kutoboa tundu dogo na kulipanua kwa vipimo baada ya kila kitu kupoa. Nilipokataa kuichukua kazi ikiwa hivyo, waliyapanua matundu, wakaweka bushi mpya na kuongeza nipeli za grisi, bila kunitoza. Sikupenda kwamba ilibidi nikatae kwanza. Nilipenda kwamba hawakubishana.

Upande wa haidroliki ulifanywa na mtu mwingine ambaye karakana humwita kazi za mafuta zinapotokea, na kiwango chake ni cha wastani. Loda yangu ina njia mbili za mafuta tu, moja ya kuinua na nyingine ya kuinamisha ndoo, kwa hiyo makucha yalihitaji njia ya tatu. Tulitumia spuli ya nyuma ya trekta, yaani vali ya mafuta, ile ambayo kwa kawaida hulisha zana za kuvutwa, na mipira ikapitishwa kando ya chasisi hadi mbele. Mipira iliyowekwa ni ya inchi tatu ya nane yenye tabaka mbili za nyuzi za chuma, aina ambayo huvumilia shinikizo la zaidi ya baa 300, kwa hiyo hapo hakuna lawama. Lawama ipo kwenye njia yake: ilining'inia chini ya mkono wa loda kiasi cha kunaswa na matawi, na urefu wake ulipimwa ndoo ikiwa chini, si ndoo ikiwa juu na imeinamishwa, nafasi inayouvuta mpira kuliko zote. Tulirekebisha kwa kuipitisha juu ya mkono na kuacha kitanzi penye kiungo. Kosa jingine lilikuwa la mpaka rangi wa karakana, ambaye alipuliza rangi ya njano kwenye kila kitu kilichosimama mbele yake, pamoja na fimbo za silinda zilizong'arishwa kwa kromu na nipeli za grisi. Rangi kwenye fimbo ya silinda si suala la urembo. Inapokauka hukwangua sili kila fimbo inaporudi ndani, na sili ikishakwanguliwa mafuta huanza kutiririka. Ilifutwa kwa tina na kitambaa kabla silinda hazijasogezwa hata mara moja. Atakayepeleka kazi pale azungushie fimbo gazeti na gundi mwenyewe kabla hajaondoka.

Nililipa pia vali ya kuzuia mafuta kurudi, iliyofungwa karibu na silinda, ili mpira ukipasuka makucha yaendelee kushika badala ya kufunguka na kuangusha gogo. Karakana haikuipendekeza, na waliona ni gharama isiyo na sababu. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye trekta lisilo na kibanda, sababu ipo.

Uzito wa vitu vyote vilivyoongezwa, yaani makucha, bomba, mbavu, silinda na mipira, ni kilo 140 hivi, na uzito huo hutolewa kwenye uwezo wa kuinua wa loda. Upo mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo nyuma ya trekta huwa nyepesi na magurudumu makubwa huanza kuteleza au hata kunyanyuka unapokanyaga breki kwenye mteremko. Dawa yake ni uzito wa nyuma. Pipa la lita 200 lililojazwa zege na kufungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma lina uzito wa kilo 480 hivi, linagharimu mifuko ya saruji, kokoto na nondo ya kulishikia, na linafanya kazi vizuri kuliko watu kukaa kwenye matairi kama ninavyoona kwingine. Karakana ilichomelea fremu ya pipa hilo kwa bei ndogo na kwa ustadi uleule.

Shambani kifaa kinafanya nilichokitaka. Magogo ya kuni hupakiwa na dereva peke yake, na visiki vilivyokwisha kulegezwa mizizi hunyanyuliwa na kupelekwa ukingoni bila mnyororo. Kwa kung'oa kisiki ambacho bado kimeshika ardhi, makucha haya hayafai na hayakutengenezwa kwa hilo. Mwenye kuyatumia hivyo atapinda mikono ya loda, sehemu ambayo hakuna karakana ya hapa mjini itakayoinyoosha sawasawa. Matawi membamba na mabua ya tumbaku hupenya kwenye ile nafasi ya katikati na kubaki nyuma, na nimekusudia kuongeza upau mwembamba unaounganisha makucha mawili bila kuyafunga moja kwa jingine. Kingine ni kwamba ndoo iliyoziba chini hukusanya udongo pamoja na matawi, hivyo rundo la kuchoma huwa nusu yake mchanga. Anayesafisha pori tu atahudumiwa vizuri zaidi na reki yenye meno ya chini yaliyoachana, inayochuja udongo. Anayebeba samadi asubuhi na magogo jioni, kama mimi, ndoo yenye makucha ndiyo yake, kwa kuwa makucha yakiwa wazi yanakaa juu na ndoo inachota kama zamani. Dereva anapoteza kiasi cha kuona ukingo wa mbele wa ndoo, na hilo linazoeleka baada ya muda.

Hatari kubwa ya kifaa hiki haimo kwenye ulehemu. Gogo likiinuliwa juu sana na ndoo ikirudishwa nyuma kupita kiasi, na makucha yakaachia, gogo hubingirika juu ya mikono ya loda moja kwa moja kuelekea kwa dereva. Kwa hiyo mzigo unabebwa chini, usawa wa ekseli au juu yake kidogo, na haupandishwi isipokuwa wakati wa kupakia, trekta likiwa limesimama. Uvujaji wa mafuta nao hautafutwi kwa kiganja. Mafuta ya shinikizo hilo hupenya ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na jeraha lake ni la upasuaji, si la kufunga bandeji. Kipande cha kadibodi hutosha kuonyesha yanakotokea. Nilisikitika kwamba karakana inayotengeneza vifaa vya uzito huu haina hata karatasi moja ya maelezo hayo kwa mteja, wala hakuna aliyemwambia dereva wangu neno lolote siku ya kukabidhiwa.

Gharama ilikuwa shilingi 2,900,000: silinda mbili 760,000, vyuma 870,000, mipira, vali na viunganishi 420,000, na ufundi 850,000. Hesabu iliandikwa kwa mkono, kila kipande cha bamba kikiwa na kipimo na bei yake, na mabaki ya bamba nilipewa bila kuyaomba. Uaminifu huo si wa kawaida katika biashara ya vyuma. Bei ya ufundi naiona ya haki, hata ya chini. Muda ndio ulioteleza: kazi iliyoahidiwa wiki mbili ilikwenda zaidi ya mwezi, sehemu kwa sababu mabamba ya milimita 12 yalisubiriwa kutoka Mwanza, na sehemu kwa sababu mageti na madirisha ya wateja wengine yalipewa kipaumbele kila mara. Lugha yao kwa mteja ni ya heshima wakati wote. Dhamana ni ya mdomo, nami nimeridhika nayo kwa kuwa niliijaribu kwenye zile pini.

Kwa hiyo pale ningepeleka tena kazi yoyote ya kuchomelea chuma kinene, na nisingepeleka kazi ambayo bado sijajua inatakiwa iweje. Atakayetaka makucha kama haya afike na vipimo vya ndoo yake, shinikizo la loda lililopimwa kwa geji na umbo la ukucha lililokatwa kwenye kadibodi, amtafute yule fundi kijana wa VETA, na aandike kwenye makubaliano kwamba matundu ya pini yatapanuliwa baada ya kuchomelea na fimbo za silinda hazitapakwa rangi.